Usiku wa Kofi: Safari ya WrestleMania, New Jersey

Basi letu liliondoka Washington alfajiri ya Jumapili, tarehe 7 Aprili 2019, na hata Baltimore hatujafika nilishabaini kwamba hatukuwa peke yetu. Kiti cha mbele alikaa baba mmoja na binti yake mdogo, wote wamevaa fulana nyeusi za mwanamieleka Becky Lynch. Nyuma yetu vijana walikuwa wanabishana kwa sauti kama Brock Lesnar atapokonywa mkanda wake wa ubingwa au la. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alivaa fulana ya New Day, kundi la Kofi Kingston, Big E na Xavier Woods. Wote tulikuwa tunaelekea mahali pamoja: Uwanja wa MetLife, mjini East Rutherford, jimbo la New Jersey, kwenye WrestleMania ya 35.

WrestleMania ndiyo siku kuu ya mieleka ya kulipwa. Ya kwanza ilifanyika tarehe 31 Machi 1985 katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, na watu wengi waliiona wakiwa kwenye kumbi za miji mingine zilizounganishwa kwa matangazo ya moja kwa moja. Baadaye ikaingia majumbani kwa njia ya kulipia: unaagiza kwa kampuni ya kebo, unalipia usiku huo mmoja, basi. Mwaka 2014 WWE, kampuni inayoiandaa, ikahamishia maonyesho yake kwenye intaneti kwa ada ya mwezi, na zama za kuagiza usiku mmoja mmoja zikaanza kufifia.

Sisi tuliokulia Tanga hatukuwa na kebo. Tulikuwa na kibanda cha video, mabenchi ya mbao, na kanda zilizopita mikono mingi hadi picha inacheza. Onyesho lililofanyika Marekani mwezi wa nne tuliliona karibu na Krismasi, au mwaka uliofuata, na bado hatukujua nani ameshinda. Humo ndimo nilimowajua Hulk Hogan, Undertaker na Bret Hart. Stelingi alikuwa stelingi, adui alikuwa adui, na aliyethubutu kusema kwamba hawa wanaigiza alizomewa mpaka akatoka nje.

Nilipokua nikajua wajualo watu wazima: matokeo hupangwa kabla. Mapenzi yangu hayakupungua hata chembe. Kwetu pwani vijana wanapocheza kirumbizi, fimbo kwa fimbo, ngoma na zumari zikilia, hakuna anayekwenda kutazama kichwa kikipasuka. Watu wanataka kuona nani ana mguu mwepesi, nani anajua kuupokea mpigo na kuurudisha kwa madaha. Mieleka hii naitazama kwa jicho hilohilo. Anayeanguka ameanguka kweli, mgongo wake ni wa nyama na mifupa, na anayemwangusha amebeba dhamana ya shingo ya mwenzake.

Njiani, tukivuka mito mipana ya Maryland na kuingia Delaware, mpwa wangu aliniomba nimsimulie habari za Kofi tangu mwanzo. Yeye alizaliwa Marekani na mengi hakuyaona. Nikamwambia kwamba Kofi alizaliwa Kumasi, Ghana, mwaka 1981, akasoma Chuo cha Boston, akaacha kazi ya ofisini na kuingia mieleka. Alipotokea kwenye runinga kwa mara ya kwanza, Januari 2008, hakutambulishwa kama Mghana. Walimpa lafudhi ya Kijamaika, na watazamaji wakaambiwa kwamba ndiko anakotoka. Mwaka uliofuata mambo hayo yakaachwa, akaanza kutangazwa kuwa ni mtu wa Ghana, Afrika Magharibi.

"Kwa nini walimficha, Mjomba?"

"Waliona Mjamaika atauzika zaidi, mwanangu. Mwafrika hawakujua wamuuze vipi."

Kwa miaka 11 Kofi alikuwa mtu wa kupendwa na wa kutegemewa. Alishinda mikanda midogo, na New Day walikaa na ubingwa wa timu siku 483, rekodi iliyowapita wote waliowatangulia. Kila Januari, kwenye mchezo wa Royal Rumble, watu walisubiri waone atabuni nini ili miguu yake yote miwili isiguse sakafu nje ya ulingo akatolewa mchezoni. Mwaka 2012 alitembea kwa mikono hadi kwenye ngazi za chuma na kurudi ulingoni. Lakini mkanda mkubwa, ule waliouvaa Hogan na Bret Hart, haukuwa katika hesabu zake.

Mlango ulifunguka kwa bahati. Februari 2019 mwanamieleka Mustafa Ali aliumia, Kofi akaingizwa kujaza nafasi yake. Tarehe 12 Februari, katika mchezo wa kupokezana wapinzani, alikaa ulingoni zaidi ya saa nzima. Akamshinda Daniel Bryan aliyekuwa bingwa, kisha Jeff Hardy, kisha Samoa Joe, mpaka AJ Styles alipomzima akiwa hoi. Siku chache baadaye, mjini Houston, alibaki yeye na Bryan peke yao ndani ya kizimba cha chuma, akakosa ubingwa kwa nukta. Kuanzia hapo kila ukumbi WWE ilipokwenda watu waliimba jina lake. Katika hadithi ya runinga, Vince McMahon, mwenye kampuni wakati huo, alimwambia wiki baada ya wiki kwamba hastahili, akamwekea mtihani juu ya mtihani. Wa mwisho waliufanya wenzake: Big E na Woods walilazimika kuzishinda timu kadhaa mfululizo ili yeye apate nafasi ya kumkabili Bryan kwenye WrestleMania. Ndugu wawili wa Usos, zamu yao ilipofika, walikataa kupigana nao, wakawapisha kwa heshima.

Hilo ndilo nililotaka mpwa wangu alishike kabla hatujafika. Matokeo hupangwa ofisini, sawa, lakini mashabiki nao wana sauti katika kupanga. Kofi hakuwamo kwenye mipango ya mwaka ule. Aliingizwa na kelele za watu.

Tuliingia New York kwa njia inayopita chini ya Mto Hudson. Mji mzima ulikuwa na wageni wa mieleka: ukisimama kwenye taa za barabarani unasikia Kijerumani, Kihispania, Kijapani na Kiingereza cha Uskoti, na kila mtu amebeba mkanda wa bandia begani. Tulinunua wali na kuku kwenye mkokoteni wa halali, tukala tumesimama, tukateremka stesheni ya Penn. Treni ya kwanza ilitupeleka Secaucus, ya pili ikatupeleka uwanjani.

Kipande hicho cha pili ni kifupi, lakini ndicho kilichonishangaza. Ukitoka katikati ya maghorofa ya Manhattan hutarajii kukuta kinamasi. Eneo la Meadowlands ni nyanda za maji na matete, na Aprili matete hayo yalikuwa bado makavu, rangi ya mkeka mkuukuu, yakiinama upepo ukipita. Ndege wakubwa weupe walisimama kwenye matope bila kujali treni iliyojaa watu wanaopiga kelele. Halafu mbele ukatokea uwanja wenyewe, wa kijivu, mkubwa, umekaa peke yake kwenye tambarare. Ulifunguliwa mwaka 2010, ni nyumbani kwa timu mbili za mpira wa Kimarekani, Giants na Jets, na hauna paa. WrestleMania iliwahi kufanyika hapohapo tarehe kama hiyohiyo, 7 Aprili 2013.

Getini mifuko iliyoruhusiwa ilikuwa ya plastiki inayoonyesha vilivyomo. Mpwa wangu alikuwa na bango alilolichora kwa mkono: bendera ya Ghana, nyekundu juu, njano katikati, kijani chini, na nyota nyeusi ambayo aliirudia mara kadhaa mpaka pembe zake tano zikalingana. Mlinzi alilikunjua, akalitazama mbele na nyuma, akamrudishia akisema, "Leo ni leo."

Viti vyetu vilikuwa vya juu kabisa, mahali ambapo upepo wa kinamasi unapita bila kizuizi. Kutoka kule ulingo ulionekana mdogo kama kisanduku, na tulitegemea skrini kubwa kwa sura za watu. Pembeni yetu ilikaa familia ya Waghana kutoka Bronx. Mama yao, mtu mzima, alijifunga kente juu ya koti. Nilimsalimu, nikamuuliza kama anafuatilia mieleka. Akanijibu kwamba hajui hata sheria moja. Amekuja kwa ajili ya mtoto wa Kumasi.

Michezo ya utangulizi ilianza saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado juu. Hapo Curt Hawkins, kijana wa New York aliyekuwa ameshindwa mara 269 mfululizo, alishirikiana na Zack Ryder wakatwaa ubingwa wa timu. Watu walishangilia kama wameshinda wao.

Saa moja kamili akatoka Hulk Hogan kufungua onyesho. Nilisimama kama kila mtu, lakini moyo wangu ulikuwa mzito. Huyu ndiye stelingi wa kwanza wa utoto wangu. Ndiye pia ambaye WWE ilivunja naye mkataba mwaka 2015, maneno yake ya kibaguzi dhidi ya watu weusi yalipojulikana, kisha ikamrudisha mwaka 2018. Nilimtazama, nikaona kwamba sina tena la kumshangilia. Mama wa Kighana hakunyanyuka kabisa.

Mengine yalipita haraka. Seth Rollins alimwangusha Lesnar katika dakika chache. AJ Styles akamshinda Randy Orton. Shane McMahon na The Miz walipigana mpaka juu ya jukwaa la kamera, wakaanguka wote wawili, uwanja mzima ukashika vichwa. Timu za wanawake zikafuata. Ilipokaribia saa tatu na kitu usiku, ukashuka ukimya wa aina yake, kisha wimbo wa New Day ukalia, na kile kisanduku cha chini kikazungukwa na mngurumo ambao sijausikia tena mahali popote.

Bryan alikuwa adui mzuri, na lazima nimpe haki yake. Ni fundi. Mkanda wenyewe alikuwa ameubadilisha, akatengenezewa mwingine wa katani na mbao, akahubiri kwamba watazamaji wote ni waharibifu wa dunia. Alianza mchezo kwa dharau, akimzungusha Kofi kwa mishiko ya ardhini, akimvuta mkono, akimlaza. Kila Kofi aliporuka, Bryan alimsubiri pale atakapotua. Hiyo ndiyo akili ya mchezo ule: mmoja nguvu zake ziko hewani, mwingine kazi yake yote ni kumnyima hewa.

Katikati ya mchezo Bryan alishika mikono yote miwili ya Kofi, akaanza kumkanyaga kwa kisigino. Ni pigo lake la siku zote. Kwenye skrini tuliona uso wa Kofi umekunjamana, jasho likiruka kila kisigino kinaposhuka. Rowan, pandikizi la mtu aliyekuwa mlinzi wa Bryan, alijaribu kuingilia kule nje, Big E na Woods wakammaliza. Bryan akamrukia Kofi kwa goti la usoni, pigo lililowahi kuwalaza mabingwa. Mwamuzi akapiga moja, mbili, na Kofi akainua bega. Mama wa Kighana, ambaye hakujua hata sheria moja, alinishika mkono na kuuliza kama hiyo inamaanisha bado yumo. Nikamwambia, "Bado yumo, Mama."

Kisha Bryan akamkaba kwa mshiko wake wa mwisho, mkono mmoja umekunjwa kwa miguu, vidole vikimvuta uso kwa nyuma. Watu wengi wamegonga sakafu kukubali kushindwa wakiwa ndani ya mshiko huo. Kofi hakugonga. Alijivuta, akapenyeza mkono, akajigeuza. Alipochomoka akaikamata mikono ya Bryan vilevile alivyokamatwa yeye, akamkanyaga kisigino kwa kisigino, na watu zaidi ya 80,000 wakawa wanahesabu naye. Akasimama, akazunguka hewani, mguu wake ukatua kichwani mwa Bryan. Moja. Mbili. Tatu.

Mpwa wangu alilia. Sikumwambia anyamaze, maana mimi mwenyewe machozi yalikuwa yananitoka. Kule chini Kofi alikuwa amepiga magoti. Big E na Woods waliingia, wakautupa kando ule mkanda wa katani, wakamfunga mkanda wa ngozi wa siku zote. Wanawe wadogo wakapandishwa ulingoni, wakanyanyua mikono pamoja na baba yao. Kwa mara ya kwanza mzaliwa wa Afrika alikuwa bingwa wa WWE, kwa jina la Kighana, mbele ya macho ya dunia. Mama wa Kighana alifungua kente yake, akaipepea kama bendera, na mpwa wangu akasimama kando yake na bango lake la nyota nyeusi.

Simu yangu ikatetemeka. Ilikuwa saa kumi na nusu alfajiri Tanga, na ujumbe ulitoka kwa mdogo wangu: "Kaka, bando limekata Kofi akiwa amekabwa. Vipi?" Nikampigia. Sikupata nafasi ya kueleza. Nilielekeza simu uwanjani, akasikia mwenyewe watu wanaimba jina.

Baada ya hapo onyesho liliendelea kwa saa nyingi. Roman Reigns, aliyekuwa amerudi kutoka kwenye matibabu ya saratani ya damu, alimshinda Drew McIntyre. Batista alipigana na Triple H, akashindwa na kustaafu. Kurt Angle naye aliagana na ulingo. Ubaridi ulikuwa umeanza kuingia kwenye mifupa na watoto wengi walikuwa wamelala mapajani mwa wazazi wao pale ulipofika mchezo wa mwisho, na huo nao ulikuwa wa historia: Becky Lynch, Ronda Rousey na Charlotte Flair, wanawake wa kwanza kufunga WrestleMania tangu ianzishwe. Miaka michache kabla, wanawake walipewa dakika mbili tatu katikati ya wanaume, tena mara nyingine kwa ajili ya mavazi yao tu. Usiku huo Charlotte aliletwa kwa helikopta, mwanamuziki Joan Jett akampigia Rousey wimbo wa kuingilia, na mikanda miwili ikawekwa rehani. Becky alimkunja Rousey ghafla, mwamuzi akahesabu tatu wakati bega moja la Rousey likionekana kuinuka. Ulikuwa mwisho wenye utata, na watu walichukua muda kuelewa kabla ya kushangilia. Nikamfikiria yule binti wa kwenye basi. Sidhani kama alijali bega.

Tulitoka imeshapita saa sita usiku. Treni zilikuwa chache kuliko watu, mvua ikaanza kunyesha, na foleni ya stesheni haikusogea kwa saa kadhaa. Wapo waliokasirika, na walikuwa na haki. Lakini katika foleni hiyo niliona kitu cha kuheshimu. Wazee walipewa nafasi ya kujikinga chini ya ukingo wa ukuta. Baba mmoja mgeni kwetu alimfunika mpwa wangu kwa nusu ya koti lake la mvua. Na kila subira ilipokaribia kukatika, mtu mmoja alianza kuimba jina la Kofi kutoka mbali gizani, na wengine wakaitikia mpaka huku kwetu. Manhattan tulifika karibu na mapambazuko.

Katikati ya mwaka huo Kofi alirudi Ghana na mkanda wake. Ulikuwa ndio mwaka ambao serikali ya Ghana iliuita Mwaka wa Kurejea, ikiwaalika wajukuu wa Waafrika waliochukuliwa utumwani warudi nyumbani, miaka 400 tangu 1619. Lakini tarehe 4 Oktoba, mjini Los Angeles, WWE ilimpambanisha na Brock Lesnar. Lesnar alimbeba begani, akambwaga, yakaisha. Hayakufika sekunde 10. Siku 180 za ubingwa, na Kofi hakupewa hata nafasi ya kupigana.

Mpwa wangu alinipigia usiku uleule. Alikuwa na hasira, na swali lake lilikuwa la haki: kama wanaweza kumwondoa hivyo, ule usiku wetu ulikuwa na maana gani?

Nimelifikiria swali hilo kwa miaka yote tangu siku ile, na jibu langu ni lile nililompa. Waliopanga walipanga hesabu ya tatu, kule New Jersey na kule Los Angeles. Hiyo ni kazi yao. Hawakupanga miaka 11 ya magoti yaliyochubuka. Hawakupanga ile saa ya Februari, mtu aliyeletwa kujaza nafasi akageuka kuwa ndiye anayetazamwa na wote. Hawakupanga mama aliyefunga kente kutoka Bronx, wala mtoto wa Kitanzania aliyezaliwa Maryland kuchora nyota mpaka pembe zikalingana. Vitu hivyo vilitoka kwa watu, na ndivyo vilivyowalazimisha wenye ofisi kubadili hadithi yao. Ubingwa ulikwenda Los Angeles ukaishia huko, lakini kwenye orodha ya mabingwa kuanzia mwaka 1963 jina la Kofi limo, na mtoto yeyote wa Kiafrika atakayeingia mchezo huu hatahitaji kuazima lafudhi ya nchi nyingine ili akubalike.

Kwa hiyo anayeniuliza kama inafaa kusafiri mbali kwenda kutazama mchezo ambao mshindi wake anajulikana na watu fulani ofisini, namwambia aende. Abebe koti zito, ajue mapema atarudije usiku, na ampeleke mtoto.